Shanta la Jeshi Lenye Mrija wa Maji: Maswali ya Wasomaji

Safari hii barua nyingi zimekuja kuhusu kitu kimoja: mashanta ya kijeshi yenye mfuko wa maji ndani na mrija unaotokea begani. Yanashuka kwenye mabelo ya mitumba, yanapangwa madukani kwa bei ya kuruka, na kila muuzaji anaapa kwamba lake ni la jeshi kabisa. Tumechagua barua nane. Ili tuelewane, ule mfuko laini wa plastiki tutauita mfuko wa maji, mpira wake tutauita mrija, na kile kipande cha kung'ata mwishoni ni kidomo.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Kwenye belo napata mabegi ya mabaka yenye tundu la mrija na alama ya tone la maji. Wateja wanataka ya jeshi, si ya kuiga. Nianzie wapi kuangalia kabla sijapanga bei? — Muuza mabegi, Gikomba, Nairobi

JIBU: Anzia kwenye lebo. Lile tundu la mrija liache mwisho kabisa, kwa sababu siku hizi hata mabegi ya shule yanalo. Tena tuondoe dhana moja mapema. Katika vifaa halisi vya jeshi, mfuko wa maji haushonewi moja kwa moja kwenye begi. Unakaa ndani ya mfuko wa kitambaa upande wa mgongo wa shanta, au kwenye kibegi chembamba cha peke yake kinachofungwa juu ya shanta, na lazima utoke ili uoshwe. Ukikuta plastiki imeshonewa ndani kwa ndani, huna haja ya kuendelea kukagua.

Lebo yenyewe hukaa ndani ya mfuko mkuu, chini ya mfuniko, au upande wa mgongo. Kwa kawaida ni kitambaa cheupe kilichochapwa wino mweusi, bila mapambo. Juu yake tafuta namba ya ghala ya NATO. Ina tarakimu 13 kamili, zimepangwa nne, mbili, tatu, nne. Zile nne za mwanzo zinataja aina ya kitu, na kwa mashanta, mikanda na mifuko ya maji ni 8465, yaani vifaa vya askari mmoja mmoja. Begi lenye lebo inayoanza na 8415 au 8430 lina lebo ya kitu kingine: 8415 ni mavazi maalumu, 8430 ni viatu vya wanaume. Kuna watu wanang'oa lebo kwenye suruali chakavu na kuishona kwenye begi, na hapo ndipo wanaponaswa.

Tarakimu mbili zinazofuata zinataja nchi iliyoisajili namba hiyo. 99 ni Uingereza, 00 na 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, 17 Uholanzi, 18 Afrika Kusini, 21 Kanada, 66 Australia. Angalia vizuri neno "iliyoisajili": si lazima begi liwe limeshonwa huko. Kwa hiyo begi la mabaka ya Kiingereza lenye 8465-99 linaingia akilini. Mabaka ya Kijerumani yenye 99 yanataka maelezo.

Kwa vifaa vya Marekani kuna namba ya pili yenye faida kuliko hiyo, nayo ni ya mkataba. Huanza na herufi kama DLA100, SPO100, SPM1C1 au SPE1C1, zikifuatiwa na mwaka kwa tarakimu mbili, halafu herufi C au D. DLA100 ni ya zamani, miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. SPE1C1 ndiyo mpya kuliko zote hizo. SPM1C1-08-D maana yake mkataba ulitolewa mwaka wa fedha 2008, na kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, 08 inaanzia Oktoba 2007. Ile D ni mkataba wa kuagiza kidogo kidogo, hivyo begi linaweza kuwa limeshonwa miaka kadhaa baadaye. Mapema kuliko hapo haliwezekani.

Sasa linganisha mwaka huo na begi lililo mkononi. Mfumo wa MOLLE, ule wa mistari ya mikanda midogo iliyoshonwa juu ya begi ili kupachikia vifuko, ulianza 1997. Mabaka ya kijivu ya UCP yalianza kutoka 2004 na 2005. Lebo inayosema DLA100-87 kwenye begi la MOLLE la kijivu ni ya uongo, au imehamishwa. Na ukikuta begi la ALICE, mfumo wa Wamarekani uliotangulia MOLLE, la miaka ya 1970 na 1980, lenye tundu safi la mrija na mfuko wa maji ndani, jua fundi wa mtaani ameongeza: ALICE ilibuniwa kwa chupa za plastiki za lita moja hivi zinazofungwa kiunoni.

Lililobaki ni "Made in China". Sheria ya Marekani inayoitwa Berry, ya tangu 1941, inaitaka wizara ya ulinzi kununua nguo na bidhaa za kitambaa zilizotengenezwa Marekani. Shanta linalodaiwa kuwa la jeshi la Marekani na lebo yake inataja China, liuze kama begi la kawaida. Waingereza hawabanwi na sheria ya namna hiyo, kwa hiyo usiitumie kuwahukumu wao.

SWALI: Begi nililonalo lebo imekatwa kwa mkasi. Nimeambiwa lebo ikishakatwa hakuna tena namna ya kujua. Ni kweli? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kweli. Chukua rula, ukae penye mwanga. Mistari ya mikanda ya MOLLE ina vipimo vyake. Kila mkanda una upana wa inchi moja, karibu milimita 25. Nafasi kati ya mkanda na mkanda ni milimita 25 nyingine. Na mkanda umekazwa kwenye kitambaa kila baada ya inchi moja na nusu, milimita 38. Pima vyumba vitano au sita mfululizo, yaani nafasi kati ya mshono na mshono, usipime kimoja. Kwenye begi la kuiga utakuta kimoja kina 35, cha pili 42, cha tatu 40, kwa sababu fundi alikadiria kwa jicho. Kifuko cha kweli kinapopitishwa hapo kinakwama, au kinaning'inia kama sikio la mbuzi.

Ukishapima, utazame ule mshono wa kukazia. Kwa karibu utaona kijistari kinene, nyuzi zimerudiwa zigizaga mara nyingi mahali pamoja, zimebanana hadi kitambaa kimebonyea. Geuza ndani uone upande wa pili: nyuzi ziwe zimekaza vilevile, bila vitanzi vilivyolegea. Mshono ulionyooka wa kwenda na kurudi mara mbili tu ni dalili mbaya, na ndio unaoachia mzigo ukizidi.

Kitambaa cha mashanta mengi ya MOLLE ni nailoni nzito ya denia 1000. Denia ni uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo uzi wa denia 1000 unafika kilomita 9 ndipo utimize kilo moja. Ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo ya ufumaji. Mabegi ya kuiga hutumia polyesta ya denia 600, ambayo ni laini na inang'aa kidogo. Ukitaka uhakika, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono, ushike kwa kibanio, upeleke karibu na kiberiti ukiwa nje. Nailoni hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka na kutoa moshi mweupe mwembamba. Polyesta hutoa moshi mweusi wenye masizi. Usiangalie rangi ya kile kitonge kinachobaki, kwa sababu rangi ya mabaka inakidanganya. Angalia moshi.

Kipimo cha mwisho ni kamera. Vitambaa vya jeshi hutiwa rangi maalumu ili usiku, chini ya mwanga wa infraredi, visionekane tofauti na majani na udongo. Kwenye lebo za Kiingereza utaona herufi IRR. Ndiyo maana yake. Kamera ya ulinzi ya nyumbani, yenye vitaa vidogo vyekundu, inatosha kabisa. Zima taa, subiri picha igeuke nyeusi na nyeupe, weka begi mita mbili mbele yake. La kweli linabaki na kijivu kilichofifia na mabaka yanaonekana. La kuiga mara nyingi linang'aa lote jeupe kama shuka, mabaka yamepotea. Tahadhari moja: begi la kweli lililofuliwa kwa sabuni za "nyeupe zaidi" au lililokaa juani miaka mingi nalo linaweza kung'aa. Kwa hiyo likifeli kamera lakini limefaulu rula na kiberiti, lisihukumiwe haraka.

Kwa kuwa uko Pwani, ingiza mkono ndani ya begi ukwangue kidogo. Upande wa ndani umepakwa utando wa kuzuia maji. Unyevu na joto huuoza: unanata, unachubuka vipande vyeupe, unatoa harufu ya uchachu. Huo ni uzee, wala hausemi kama begi ni la kweli au la. Bei lakini iteremke.

SWALI: Begi langu limeandikwa US ARMY kwa herufi kubwa mfukoni na nyota juu yake. Ni la jeshi? — Kijana wa Dodoma

JIBU: Hapana. Kizuri chajiuza, na begi la kutolewa ghalani halijitangazi hivyo. Herufi "US" ndogo zilikuwepo kwenye vifaa vya zamani vya ALICE na kwenye vifuniko vya chupa. Nyota na maandishi makubwa ni ya wauzaji.

SWALI: Mimi ni fundi wa mabegi. Yananijia ya rangi na miundo mingi, na wateja wananiuliza hili la nani, lile la nani. Mnaweza kunipa alama za kutambua? — Fundi, Mwanza

JIBU: Tukuchukulie yale yanayofika zaidi sokoni, yaani ya Marekani na Uingereza.

Jeshi la nchi kavu la Marekani: MOLLE. Yapo ya mabaka ya kijani, ya jangwani, ya kijivu ya UCP, na ya OCP yenye kahawia na kijani kilichopauka, ambayo yalianza kutoka 2015. Ya kijivu ndiyo mengi na ndiyo rahisi, kwa sababu jeshi hilo liliacha rasmi kuvaa UCP tarehe 30 Septemba 2019. Shanta kubwa lina fremu ya plastiki ngumu mgongoni. Kibegi cha maji kwenye mfumo huu ni kipande cha peke yake: kirefu, chembamba, kina mikanda miwili ya mabega myembamba inayotoka, na klipu za kukining'iniza kwenye shanta. Ujazo wake ni lita 3. Watu hukinunua wakidhani ni begi la mtoto lililokosa nafasi ya daftari.

Marine wa Marekani wana ukoo wao. ILBE, la miaka ya 2000, lilibuniwa na kampuni ya Kanada Arc'teryx na kushonwa na Propper. Mabaka yake ni ya vimraba vidogo vidogo, MARPAT. Kwenye MARPAT ya kweli kuna nembo ndogo sana ya tai, dunia na nanga iliyofichwa katikati ya mabaka. Tafuta taratibu kwa tochi, eneo la ukubwa wa kiganja baada ya kiganja. Lililofuata ni FILBE, na hilo halina mabaka kabisa: ni kahawia ya mchanga, rangi moja, nalo lina kibegi chake cha maji cha kufunga pembeni.

Waingereza: mabaka ya DPM ni ya zamani, yana michirizi minene kama ya brashi. Kuanzia 2010 wakahamia MTP, ambayo kwa mbali inafanana na OCP ya Wamarekani na inawachanganya wengi. Tazama lebo badala ya kubishana. Katika kipindi cha DPM walitoa vibegi vya maji vya lita 3 vilivyotengenezwa na CamelBak. Mfumo wao mpya, Virtus, ulitengenezwa na Source, kampuni ya Israeli, na mfuko wa maji unaotumika humo ni wa Source pia.

Hilo la mfuko litakusaidia sana, kwa sababu mfuko wenyewe unataja ukoo wake. CamelBak wa zamani una kizibo kikubwa cha duara cha kuzungusha, kama cha debe. Ule wa baadaye, wenye jina Antidote, kizibo chake kinafunga kwa robo ya mzunguko tu, na mrija unachomoka kwa kubonyeza kitufe. Source unatambulika kwa sehemu ya juu: mdomo wote unakunjwa na kubanwa kwa kipande cha plastiki kinachotelezeshwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vidomo vya raia mara nyingi ni vya buluu, vya jeshi ni vyeusi au vya rangi ya mchanga. Lakini kidomo kinabadilishwa kwa sekunde tano, kwa hiyo usikitegemee.

Kwa wanaopenda chimbuko: CamelBak ilizaliwa Texas mwishoni mwa miaka ya 1980, Michael Eidson alipotia mfuko wa dripu ndani ya soksi na kuubana mgongoni kwa ajili ya mbio za baiskeli kwenye joto kali. Eidson alikuwa mhudumu wa dharura, ndiyo maana mfuko wa dripu ulikuwa karibu.

SWALI: Huku Minneapolis kuna duka la vitu vya jeshi. Begi moja limeandikwa ni la "kiwango cha jeshi", jingine ni "lililotolewa na jeshi". La kwanza ni ghali zaidi. Nataka kumpelekea kaka yangu Bujumbura. Tofauti ni nini? — Msomaji, Minneapolis

JIBU: "Lililotolewa" maana yake lilinunuliwa na serikali kwa mkataba, likapita ghalani. Litakuwa na namba ya mkataba. "Kiwango cha jeshi" ni maneno ya tangazo. Yanaweza kumaanisha nailoni nzuri, klipu imara na mishono ya kweli. Yanaweza pia kutomaanisha chochote, maana hakuna anayemkagua muuzaji kwa kuyaandika. Muulize kiwango gani, cha kitambaa kipi. Akikwama, umepata jibu.

Usilidharau hilo la "kiwango cha jeshi" lakini. CamelBak na wengine huuza kwa raia mabegi yaleyale wanayouzia wanajeshi, na mengine yana hata namba ya NATO, kwa sababu namba hiyo inaweza kupewa bidhaa ya dukani ikishanunuliwa na jeshi. Ndiyo maana tunasema namba ya NATO peke yake inakuambia begi ni aina gani, na namba ya mkataba ndiyo inayokuambia lilipita wapi.

Kwa kaka yako, chagua la rangi moja. Sababu iko kwenye barua inayofuata.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii Kilimanjaro. Mgeni aliniachia shanta la mabaka lenye mrija, zuri sana. Je, nalitumia tu? Na usiku wa kupanda kileleni mrija unaganda, nifanyeje? — Mwongozaji, Moshi

JIBU: Kuhusu mabaka, tafadhali acha. Tanzania, Kenya na Uganda sheria zinazuia raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na askari atakayekusimamisha getini hatakuwa na muda wa kusikiliza kwamba ni mabaka ya nchi nyingine, au kwamba ni begi tu. Agosti 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo kuyasalimisha. Usifikirie pia kulitia rangi nyeusi kwa pakiti za sokoni: hizo nyingi ni za pamba na haziingii kwenye nailoni. Inachujika kwa mvua ya kwanza, inaishia kwenye shati la mgeni. Toa mfuko wa maji, uuhamishie kwenye begi la rangi ya kawaida lenye nafasi ya mgongoni ya urefu wa sentimita 45 hivi. Mfuko wa lita 3 unaingia.

Kuganda: mfuko ulio mgongoni unapata joto la mwili, kwa hiyo wenyewe unachelewa. Kinachoganda kwanza ni kidomo, halafu sehemu ya mrija iliyo nje. Kila ukimaliza kunywa, inua kidomo juu, kipulizie mpaka maji yote yarudi kwenye mfuko. Mrija uwe mtupu. Kifuniko cha kuvalisha mrija kinasaidia, lakini usikiamini bila kupuliza. Pitisha mrija ndani ya jaketi, chini ya kwapa, utokee shingoni. Jaza maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto wa kuchemka, kwa sababu joto kali hulegeza viungio vya plastiki. Na beba chupa moja ya mdomo mpana ndani ya soksi nene, imegeuzwa chini juu: barafu huanza juu ya maji, kwa hiyo upande wa mdomo utabaki wazi. Kuelekea mita 5,895 usitegemee mrija peke yake.

SWALI: Shikamooni wahariri. Mwanangu ameleta begi la namna hiyo la mtumba. Ndani ya mrija kuna vidoa vyeusi na maji yananuka plastiki. Nimesugua kwa sabuni, vimebaki. Anywe tu? — Mama, Tanga

JIBU: Marahaba mama, na asante kwa kuuliza kabla. Asinywe kwanza. Vidoa hivyo ni ukungu, na vimejishika ndani ya mrija ambako maji hubaki baada ya kunywa. Mfuko ukiwa mzima unaweza kusafishwa. Mrija wenye vidoa ni bora utupwe, maana ni sehemu ya bei rahisi kuliko zote.

Chomoa kila kitu: kizibo, mrija, kidomo. Osha mfuko kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kisha changanya jiki ya kawaida isiyo na manukato, mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa kila lita ya maji safi. Jaza mfuko mpaka juu, funga mrija mpya, uinue mfuko juu ya kichwa na ubane kidomo ili dawa ipite mpaka mwisho. Acha dakika 30. Mwaga kupitia mrija, suuza mara tatu au nne mpaka harufu ya jiki iishe. Jiki isichanganywe na siki wala ndimu hata kidogo, inatoa gesi inayounguza mapafu.

Harufu ya plastiki inaondoka kwa bekingi soda: vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, ilale usiku mzima. Fanya hivyo siku nyingine, baada ya kusuuza jiki.

Kukausha ndiko kunakoshinda watu. Kuta za mfuko zinagandana na ndani panabaki unyevu siku tatu. Kunja hanga ya waya au weka mwiko safi ndani ili kuta ziachane, utundike kichwa chini kivulini. Mrija uzungushe hewani kwa nguvu utoe matone. Kama kuna friza, mfuko mtupu ulioshwa ukikaa humo ukungu haupati nafasi. Na mwambie kijana asitie juisi wala soda ndani: sukari ndiyo inayolisha hicho cheusi.

Mfuko wenyewe ukiwa umegeuka manjano, unanata ndani, au ulikuja ukinuka mafuta ya taa, mama, usiuoshe. Utupe, abaki na begi.

SWALI: Langu linavuja lakini sioni wapi. Na nikinyonya, mara nyingine napata hewa tupu ilhali mfuko umejaa. — Msomaji, Kampala

JIBU: Ni matatizo mawili, na la pili ni rahisi. Baada ya kufunga kizibo, geuza mfuko chini juu, hewa ipande kwenye tundu la mrija, unyonye mpaka yaje maji. Umeitoa hewa. Ikirudia, mrija umekunjika: angalia pale unapotoka chini ya mfuko na kupinda kwenda juu. Begi likisukumiwa vitu vingi, kona hiyo ndiyo inayobanwa. Jaza maji kwanza begi likiwa tupu, ndipo upange vitu.

Kuvuja kunatafutwa kwa hatua mbili. Tia lita 2, funga, kausha nje kwa taulo, laza mfuko juu ya gazeti kavu na uweke kitabu kizito juu yake dakika 20. Doa litaonyesha upande. Kisha mwaga maji, puliza hewa ndani, bana mrija, zamisha kwenye beseni na ufuate mapovu.

Mapovu kwenye kizibo: mara nyingi ni ile pete ya mpira. Itoe kwa ncha ya kijiti, si ya kisu, uioshe, uangalie kama imepasuka au ina mchanga. Irudishe ikiwa imelowa maji tu. Mafuta ya mgando yanaweza kuivimbisha. Mapovu kwenye kiungo cha mrija: kata milimita 10 za mwisho wa mrija kwa wembe, ukate wima, uchovye kwenye maji ya moto kidogo, usukume tena mpaka mwisho. Mapovu kwenye kidomo: silikoni imechanika mahali pa meno. Kinabadilishwa chote. Nenda dukani na mrija wenyewe mkononi, kwa sababu kipenyo cha ndani cha mirija mingi ni karibu milimita 6 lakini viungio vyake havifanani, na si lazima kidomo cha Source kikae kwenye mrija wa CamelBak.

Mapovu yakitoka kwenye ukingo, pale plastiki mbili zilipounganishwa kwa joto, hapo hakuna dawa. Gundi kali inakauka na kupasuka mfuko ukikunjwa, na solusheni ya tyubu za baiskeli haifai kugusana na maji ya kunywa. Nunua mfuko mpya wa lita ileile, na kabla ya kulipa uutie ndani ya begi lako uone kama kizibo kinakaa sawa na mrija unafika kwenye tundu bila kupinda.